Kitabu Kisichokuwa na Kinu

Juu ya jalada kuna mtoto wa kike amevaa gauni lililochanika begani. Nyuma yake kuna simba ametoa ulimi, na pembeni kuna mwanaume ameshika tochi kubwa kama ya mlinzi wa benki. Mtoto ni mjukuu wangu. Simba simjui. Mwanaume namjua, tena vizuri, na saa ile hakuwa na tochi kwa sababu ilikuwa saa nne asubuhi, na wala hakuwepo.

Niseme mapema kwamba shule sikwenda. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha ngumbaro ndani ya godauni la pamba, nikiwa na mtoto mgongoni. Mpaka leo nasoma kwa kidole. Kitabu kile ni chembamba, lakini kilinichukua siku sita, na kila nilipofika chini ya ukurasa nilikuwa nimekasirika kuliko nilipokuwa juu yake.

Majina ninayo yote. Naweza kukutajia kila aliyetoka kumtafuta yule mtoto, na jina la baba yake, na jina la ng'ombe aliyekuwa anamkamua mwaka ule. Sitaji hata moja. Aliyeandika kile kitabu alikitaja kijiji chetu kama kilivyo, na jina la mjukuu wangu akaligeuza kidogo tu, akasema amelificha. Mimi nikificha kitu nakificha kweli.

Kitabuni mtoto anapotea msituni usiku sita. Anakutana na chatu, anapanda mti, simba anamlinda kama mbwa. Walinzi wa kijiji wanamtafuta, na kamanda wao anampata kwa kumulika tochi ndani ya pango huku mvua ya radi inanyesha. Na bibi yake? Bibi yake amepewa mistari miwili. Alikuwa amelewa pombe ya mtama, akakoroma mpaka siku ya tatu, alipoamka akauliza, "Kwani mtoto yuko wapi?"

Mimi pombe sijawahi kunywa. Baba yangu alikunywa zamu yake akanywa na yangu.

Sasa nieleze ilivyokuwa.

Miaka ile viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vinafunguliwa kando ya ziwa, kimoja baada ya kingine, na wasichana wetu wakawa wanakwenda Mwanza kusimama kwenye sakafu yenye maji na kukata sangara. Kitinda mimba wangu alikwenda. Alipanga chumba Pasiansi, akaniachia binti yake, umri wake miaka sita. Kijiji chetu kiko ndani: ukifika Kisesa unaiacha barabara kubwa, unatembea mpaka jua linakuwa kichwani. Mbele ya kijiji kuna msitu wa serikali, migunga na vichaka na yale mawe makubwa yaliyobebana.

Enzi hizo wizi wa ng'ombe ulikuwa mwingi. Ng'ombe wakiibwa, unapigwa mwano. Mwano ni ukelele wa hatari. Mmoja anaupiga, anayeusikia anaudaka na kuupeleka kwa jirani, filimbi zinafuata, na wanaume wote wanatoka na pinde. Asiyetoka anatozwa faini. Wanawake na watoto kazi yetu ilikuwa kujificha. Mama yangu alinifundisha, na mimi nikamfundisha mjukuu wangu kama nilivyofundishwa: "Ukisikia mwano, usikimbilie nyumbani, maana wezi nao huko ndiko wanakokwenda. Ingia kichakani, lala kifudifudi. Ukiitwa jina lako usiitike, hata kama ni sauti ya mwanaume unayemjua. Kaa hapo hapo mpaka usikie kinu."

Kinu, kwa sababu kwetu mwano ukiwa juu hakuna anayetwanga. Ni sheria. Kutwanga ni dalili kwamba hatari imepita, watu wamerudi, kuna unga, kuna chakula. Mtoto aliyelala kichakani akisikia kinu anajua sasa atoke.

Siku ya Jumatano, baada ya mvua za kwanza, nilikwenda naye kuokota uyoga. Nikamwacha karibu na kikapu penye jiwe moja kubwa, nikasogea hatua kama ishirini kwenye kichuguu. Ndipo mwano ukapigwa upande wa kijiji cha jirani. Nikageuka. Kikapu kipo, mtoto hayupo.

Sikuogopa kwanza. Nilisema, mtoto amesikia, amefanya nilichomwambia. Mimi mwenyewe nikalala chini. Alipopita mtu akasema kwamba hakuna wizi wowote, ni maksai wawili wa mtu waliokuwa wameingia kwenye mahindi ya mtu, nikasimama nikamwita. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Hakuitika. Nilikuwa nimemwambia asiitike.

Nikakimbia kijijini, nikamweleza kamanda wa walinzi. Na kamanda akafanya nini? Akapiga mwano! Ndiyo, ndivyo watu wanavyokusanywa, hakuna njia nyingine tuliyokuwa nayo, na saa ile hata mimi nilimshukuru. Wanaume zaidi ya arobaini wakaingia msituni na filimbi na kelele, wakilitaja jina la mtoto kwa sauti za kuitia ng'ombe. Jumatano ikaisha. Usiku fisi walilia, sisemi zaidi, asiyejua usiku ule asinifundishe kuuandika. Alhamisi wakaingia tena, kelele zaidi ya jana, na filimbi mpya zilizoazimwa kijiji cha pili.

Mchana wa Alhamisi nilikuwa nimekaa nje, mikono haina kazi, ndipo nikasikia jinsi palivyo kimya nyumbani. Hapakuwa na sauti ya kinu hata kwenye nyumba moja. Ndipo nikaelewa. Tulikuwa tunamfukuza. Kila filimbi ilikuwa inamsukuma ndani zaidi.

Nikamfuata kamanda. Alikuwa amekaa juu ya jiwe na wenzake, wanakula viazi.

"Kamanda, nyamazisheni hizo filimbi. Mtoto anawakimbia nyinyi."

"Mama, tangu lini aliyepotea akamkimbia anayemtafuta?"

"Tangu nilipomfundisha."

"Ungemfundisha na kurudi!" mmoja akadakia, wakacheka.

"Nimemfundisha. Anarudi akisikia kinu. Kaeni kimya, mniache nitwange pale alipopotelea."

"Utwange?" Kamanda akaweka kiazi chini. "Mtoto hajamaliza siku ya pili msituni, bibi yake ameshawaza ugali!"

Wakacheka tena. Mmoja wao ni mwanaume niliyemshika siku anazaliwa.

"Sheria unaijua, mama," kamanda akasema, sasa bila mzaha. "Mwano uko juu. Atakayetwanga atatoa mbuzi. Nenda kapumzike, hii ni kazi ya wanaume."

Nikaenda. Na hapa ndipo kosa langu lilipo, ningelikuta limeandikwa kitabuni ningenyamaza. Nilikwenda nyumbani nikakaa. Usiku wa pili mtoto alilala msituni kwa sababu mimi niliogopa mbuzi na kicheko.

Ijumaa alfajiri nikaamka nikasokota ngata. Kinu chetu kilikuwa kizito, cha mti mgumu, alikichonga mume wetu. Nasema wetu kwa sababu tulikuwa wawili. Yeye alikuwa amekwisha kufa zamani, akatuachia uwanja mmoja tugombane, mimi na mke mwenzangu. Wakati ule tulikuwa hatujasemeshana tangu mavuno, kwa sababu ya kuku wangu aliyehamia kutaga kwake. Nikiwa nimeinama kukiinua kinu, nikamwona amesimama kwenye kona ya nyumba yake, amejifunga khanga kiunoni.

"Kinu kinakwenda wapi?"

"Msituni."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Mchi mmoja hausikiki mbali. Mchi mmoja ni mgonjwa anagonga mlango."

"Sikukuita."

"Nimesema umeniita? Beba kinu, mimi nabeba michi na mtama." Akapita mbele yangu. Baada ya hatua kadhaa akasema bila kugeuka, "Na yule kuku ni wangu."

Kinu kitupu hakitwangwi, ni mwiko, ndiyo maana alibeba mtama. Tulikiweka pale pale penye lile jiwe la kikapu. Tukaanza. Yeye anapiga, mimi najibu. Anapiga, najibu. Filimbi zilikuwa mbali, ng'ambo ya vilima viwili, lakini hazikukoma. Tulitwanga mtama ukawa chenga, ukawa unga, tukaongeza mwingine. Nilipotaka kupumzika, mke mwenzangu aliniambia, "Ukiacha nakusema kijiji kizima."

Jua likapanda. Akaja kijana wa kamanda anahema.

"Kamanda anasema mnaharibu msako. Acheni."

"Mwambie aje atwange yeye," mke mwenzangu akamjibu, "sisi tupumzike."

Kijana akarudi. Tukaendelea. Baada ya muda filimbi zikakoma. Unajua kwa nini zilikoma? Kwa sababu kamanda aliacha kutafuta, akawakusanya watu wake ili aje kututoza mbuzi. Hilo ndilo jambo la maana alilolifanya katika siku tatu: aliondoa filimbi mdomoni.

Na katika kimya kile, kinu peke yake kikisema, mawe yaliyokuwa kushoto kwetu yakatoa mtoto. Alitoka kwenye ufa ambao hata mbuzi ungesema hapiti. Alikuwa mweupe kwa vumbi, midomo imepasuka, na mkononi ameshika uyoga mmoja uliokuwa umekwisha kuwa mweusi. Hakukimbia. Alisimama pembeni ya jiwe, akaangalia huku na huku.

"Bibi, wameondoka?"

"Akina nani, mama?"

"Wezi. Wale wenye filimbi. Walikuwa wanalijua jina langu."

Hebu mtu aniambie ni simba gani anatisha kuliko hilo. Mtoto wa miaka sita, siku tatu, anakunywa maji ya mvua kwenye vishimo vya mawe, huku watu wanaomtaka salama wanamzunguka wakiita jina lake, na yeye anajibana ndani ya jiwe akiziba mdomo kwa mkono. Hilo lilitokea. Hilo mwandishi aliliacha, akaweka chatu.

Kamanda alifika mtoto akiwa ameshakunywa uji wa unga ule ule, tuliouchanganya na maji ya kibuyu bila moto. Akatuangalia. Akamwangalia mtoto. Akawageukia watu wake akasema kwa sauti kubwa, "Tumempata!" Kisha akanigeukia mimi. "Mbuzi atoke leo."

Alitoka. Walimla jioni ile, na mimi niliombwa nipike ugali wa kumsindikiza.

Miaka miwili baadaye akaja kijana mmoja kutoka mjini, ana daftari na kalamu mbili mfukoni. Ulikuwa wakati wa ruksa, kila kitu kimefunguliwa: mitumba, magazeti ya kila rangi, na hivi vitabu vya kusisimua vilivyokuwa vinauzwa stendi pamoja na karanga. Alisema amesikia habari ya mtoto wa msituni. Nikamkaribisha. Nikampa viazi na maziwa. Nikamsimulia kama nilivyowasimulia hapa, mpaka faini ya mbuzi. Nikamwonyesha na kinu. Akataka kukikalia nikamkatalia. Mke mwenzangu alikuja akaonyesha jinsi alivyokuwa anashika mchi, akacheka kwa aibu, akauliza, "Na mimi nitaandikwa?" Kijana akasema, "Utaandikwa, mama." Akaandika jina lake, nililiona, herufi kubwa.

Kutoka kwangu akaenda kwa kamanda. Kule kulikuwa na kuku wa kuchoma.

Mke mwenzangu alikufa kabla kitabu hakijatoka. Mpaka wiki ya mwisho alikuwa ananiuliza, "Kile kitabu bado?"

Mjukuu wangu wakati huo alikuwa ameshachukuliwa na mama yake Pasiansi asome, na kila likizo ya Desemba alikuwa anakuja kwangu. Mwaka aliofika darasa la tano hakuja. Nikangoja basi siku nne pale Kisesa. Siku ya tano mama yake akaleta kitabu kwa mkono wa mtu, na maneno: "Mtoto hataki kuja. Wenzake wamekisoma shuleni. Anasema bibi alimwacha apotee akalala amelewa. Nimemwambia sivyo, lakini mama, mimi sikuwepo."

Binti yangu hakunikosea. Ni kweli hakuwepo. Lakini nilikaa chini barabarani, mbele za watu. Yule mtoto nilikuwa nimemtoa msituni mara moja. Sasa mtu alikuwa amemrudisha, akaondoka na njia.

Nikasoma siku zile sita. Ya saba nikapanda gari.

Nilianzia Mirongo, pale Mwanza mjini, maana nyuma ya kitabu ilielezwa kinauzwa wapi. Nikamkuta mwandishi amekaa kati ya marundo ya vitabu vyake.

"Shikamoo bibi! Karibu, karibu!"

"Marahaba. Kinu kiko wapi?"

"Kinu gani tena, bibi?"

"Ulichotaka kukikalia huku unakula viazi vyangu."

Akacheka. Akanivutia kiti. Akaniambia kile kitabu ni riwaya, ni ya kubuni, msomaji anataka moyo umwende mbio asilale. Nikamwambia mimi sikulala siku mbili na yeye hakuniuliza moyo wangu ulikwendaje. Akasema, "Bibi, kinu hakimtishi mtu."

"Hakikuwa cha kutisha. Kilikuwa cha kuita."

"Sawa, lakini..."

"Na ulevi umeutoa wapi?"

Hapo akaangalia vidole vyake. "Lazima awepo mwenye kosa, bibi. Bila mwenye kosa hadithi haitembei."

"Mwenye kosa alikuwepo. Alikuwa na filimbi. Umempa tochi."

Akanipa nakala tatu za bure. Nilizichukua, sikatai kitu cha bure. Ziliniwashia moto wa uji siku tatu.

Pasiansi nilifika mchana, binti yangu akiwa kazini. Ni nyumba ya wapangaji, vyumba vinatazamana, uani pamoja. Mjukuu wangu alitoka, amerefuka, akasema shikamoo akiwa bado mlangoni. Zamani alikuwa anakimbia. Nikaitika. Tukakaa. Akaniletea maji. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni wa mama yake, mwishoni akauliza, taratibu, bila ukorofi:

"Bibi, ni kweli ulikuwa umelala?"

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Njia nzima niliyapanga. Lakini nilipomwona usoni nilijua kwamba yangu ni maneno tu kama ya kitabuni, na ya kitabuni yamepigwa chapa, yangu ni ya mdomo wa bibi mmoja. Uani alikuwepo mama mmoja wa Mara, mpangaji, anatwanga makopa ya muhogo. Nikainuka. "Mwanangu, niazime huo mchi." Akanipa, akidhani nataka kumsaidia.

Nikatwanga. Peke yangu, taratibu, mikono si ile tena. Sikumwangalia mtoto. Nilipiga kama mara thelathini.

"Hivyo sivyo," akasema nyuma yangu.

Sikugeuka. "Sivyo vipi?"

"Kilikuwa kinajibiwa."

Nikasimamisha mchi.

"Kinapiga kimoja kizito, kinajibu kingine," akasema. Sasa alikuwa ameshuka kwenye ngazi, macho ameyafumba nusu. "Nilikuwa nasikiliza. Nilisema mwizi hawezi kufanya vile, mwizi anapiga kitu kimoja tu. Mlikuwa wawili." Kisha akafumbua macho, akaniangalia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Kitabuni hakuna. Bibi, mbona kitabuni hakuna?"

"Mwulize aliyekiandika."

"Yule bibi mwingine aliitwa nani?"

Yule mama wa Mara alikuwa ameshaelewa kwamba hapa si muhogo unaotwangwa. Akaingia ndani, akatoka na mchi wa pili, akamkabidhi mtoto, akakaa pembeni na kushika tama.

Nikamtajia mjukuu wangu jina la mke mwenzangu, lake na la baba yake. Nikamweleza na habari ya kuku. Akalirudia jina mara mbili, kisha akainua mchi na kungoja nipige ili ajibu. Lile jina kitabuni halimo, na hapa pia sikuliandika. Yeye analo.